Jiko la Chini, Nyumba ya Juu

Majuzi niliitwa kuzungumza na wasichana wanaoanza biashara zao. Nami nina karakana yangu ya kushona mapazia, imenilisha miaka mingi, basi watu hudhani nina siri fulani. Msichana mmoja mwenye miwani, aliyeketi mbele kabisa, akaniuliza, "Mama, ulifanikiwaje, na wakati wa kukaa na watoto wako uliupata wapi?" Nikamjibu maneno ya kupita tu: bidii, subira, kupanga saa. Wakapiga makofi. Nilipotoka pale moyo haukutulia, kwani nilijua nimewapa makapi. Badala ya kurudi nyumbani nikateremka Mji wa Kale kwa miguu, nikaifuata Ndia Kuu, nikakata kichochoro cha kushoto, nikasimama mbele ya nyumba nilimolelewa.

Mlango wenyewe umepakwa rangi ya buluu sasa. Chumba cha chini ni duka la vinyago na shanga za kuuzia watalii. Kijana wa dukani alinikaribisha kwa Kiingereza, mimi! Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha pale pale kwamba hapo alipopanga vinyago ndipo lilipokuwa jiko letu. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia bibi kizee aliyechoka na jua, akanisogezea kiti. Nikakaa. Na nilipokaa, kila kitu kikaanza kurudi. Acha nikusimulie wewe nililoshindwa kumsimulia yule msichana.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja. Chini palikuwa na chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na mlango wa kichochoroni. Huko ndiko jikoni. Ukipanda ngazi za mawe unafika sebuleni, vyumba viwili vya kulala, na roshani ndogo ya mbao iliyotazamana na roshani ya jirani, karibu hivi kwamba wanawake waliweza kupeana kisu au kipande cha ndimu bila ya kushuka. Nyanya yangu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kupika mahamri na mbaazi za nazi akiuzia pale mlangoni. Alikuwa na sheria moja tu: cha chini kibaki chini. Unga, moshi, wanunuzi, ugomvi na muuza nazi aliyeleta nazi zilizooza, vyote vilikuwa vya chini. Kabla ya kupanda juu aliosha mikono na miguu kwenye bomba lililokuwa kando ya ngazi, akaivua leso ya kazi akafunga nyingine. Ukimfuata hadi juu kumuuliza kama mbaazi zimebaki, alikutazama kana kwamba umemkosea heshima. "Huku juu si dukani," akasema, na ukashuka mwenyewe.

Kazi ilianza mara tu baada ya sala ya alfajiri. Niliamshwa na sauti ya mchi, kwani nyanya alitwanga iliki kidogo kidogo kila siku, hakupenda ile ya jana. Donge la unga lilikuwa limekwisha umuka ndani ya beseni, limefunikwa kitambaa, limefura kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Kazi yangu ilikuwa ni kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi, ule ubao wenye ulimi wa chuma, nikikuna huku nimesinzia, na nyanya akinigusa bega kila nilipoanza kukuna kifuu. Kisha yale mafuta yakapata moto karaini, hamri la kwanza likatumbukizwa, likazama, likazuka juu, likavimba. Harufu yake ilitoka mlangoni ikaingia vichochoroni, na baada ya muda mchache tu tulisikia viatu. Walikuja watoto wa chuo cha Kurani na mabakuli yao, mwalimu wa chuo mwenyewe aliyependa mahamri yaliyoiva sana hadi yakawa ya kahawia, mahamali wakienda zao kazini. Ikifika saa nne karai limeinuliwa. Ikifika adhuhuri vyombo vimeoshwa na sakafu imekauka.

Na alasiri ilikuwa ya nyumba ya juu. Majirani walipanda na kazi zao za mkono, huyu kofia anayoidarizi, huyu ukili wa mkeka anaousuka. Nyanya alitunga asumini. Mimi nilikaa sakafuni kati ya magoti ya mtu, nikapakwa mafuta ya nazi na kusukwa nywele, nikisikiliza habari ambazo hazikunihusu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilidhani dunia nzima huwa hivyo alasiri.

Mama alirudi kwa nyanya nilipokuwa na miaka minane, katika ile miaka ya mwanzo baada ya bendera kubadilishwa. Baba alikuwa ameoa mke mwingine huko kwao, mama hakuweza kukaa, akapewa talaka yake akarudi na mimi na ndugu yangu mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono myepesi, asiyekaa kitini mpaka mwisho wa mazungumzo. Nyanya akampa nafasi jikoni. Katika wiki chache mama alikuwa akisukuma na kukata mahamri mara mbili ya nyanya, na yote ya kipimo kimoja.

Sasa nikwambie habari ya viatu, maana bila ya hiyo hutamwelewa.

Shuleni tuliambiwa tuvae viatu vyeusi. Mama akaenda kwa kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa na duka la vitambaa. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alivinunua vile viatu bila ya kusita, ila alipovileta, alivileta barazani, chini ya dirisha letu, mbele ya wanaume wenzake, akaniita nivijaribu pale pale, na kila aliyepita akaambiwa ni nani aliyevinunua na kwa nini. Nilitembezwa mbele na nyuma kama mbuzi wa mnadani. Mama alikuwa nyuma ya dirisha akisikia yote. Nilipopanda juu alinivua vile viatu, akavipangusa vumbi kwa pindo la leso yake, akaviweka mlangoni vikiwa sambamba.

"Vivae," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini hivi ndivyo vya mwisho kuombwa."

Watu wakiniuliza nini huwasukuma wafanyabiashara, hutaraji niseme mali. Labda wapo wanaosukumwa na mali. Mama yangu alisukumwa na ile njia fupi niliyotembezwa barazani.

Kila asubuhi alikuwa akija karani mmoja kwa baiskeli. Alikuwa Mkristo kutoka bara, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama, akifanya kazi katika ofisi ya bohari moja huko Shimanzi. Nyumba yake ilikuwa Mbaraki, kwa hivyo mtaa wetu haukuwa njiani kwake hata kidogo. Alizunguka kwa ajili ya mahamri tu. Siku moja alikula la kwanza akiwa amesimama, akajipangusa vidole kwa kitambaa, akamwambia nyanya, "Mama, kule kwetu kuna watu themanini wanaobeba magunia tangu jua halijatoka. Hawana pa kula. Msimamizi ameniambia nitafute mtu wa kuwaletea chakula cha asubuhi. Nikawafikiria nyinyi."

Nyanya akacheka. "Watu themanini! Na karai langu hili moja?"

Mama hakuinua uso kutoka kwenye kibao cha kusukumia. "Tutanunua karai la pili," akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Lilinunuliwa karai la pili, kisha la tatu. Wakaajiriwa wanawake wawili wa mtaani kukuna nazi, nami nikapandishwa cheo nikawa mtu wa kuhesabu mahamri vikapuni. Mkokoteni ulifika kabla ya jua kupanda, na mama, buibui lake limemfunika sawasawa, alifuatana nao kwa miguu hadi Shimanzi, katikati ya malori na vumbi la makaa, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mwingine angevifikisha vikapu bila ya kuvipunguza. Mtaani walisema. Walisema sana. Lakini mahamali walimpenda, wakampa jina, na jina likashika mpaka kwetu: Mama Mahamri.

Nilijivunia jina lile, sitakuficha. Mwisho wa mwaka ule mama alininunulia viatu vipya mwenyewe. Alinivisha chumbani, akafunga mlango, akaniambia nisimwambie mtu ni nani aliyevinunua. Tukacheka mpaka nyanya akaja kuuliza kuna nini.

Laiti ingekomea hapo. Msimamizi wa bohari alipoona watu wake wanabeba vizuri wakishiba, akataka wa zamu ya jioni nao wapikiwe. Karani akaleta habari. Nyanya akasema neno lake moja, kwamba alasiri jiko hulala, akapanda juu. Alidhani ndiyo basi. Mama akabaki mlangoni na karani, akamwambia, "Mwambie tutapika."

Watu wa zamu ya jioni walikuwa wa bara wengi wao, nao hawakutaka mahamri jua linapozama. Walitaka ugali na maharagwe. Basi mama, ambaye hakuwahi kupika ugali ila ile sima laini ya kwetu ya kulia samaki wa mchuzi, akaanza kusonga kwa masufuria makubwa. Karani kwa adabu yake hakutwambia, lakini tulijua kwamba chakula hakipendwi. Vikapu vilirudi na mabaki. Hamali mmoja alimwuliza mama mbele ya wenzake kama ule ni ugali au uji wa mgonjwa. Mama akazidisha unga, ukawa mgumu kama tofali, akapunguza, ukamwagika. Hata hivyo hakuacha. Alikuwa na namna ya kukaza mdomo, na akiukaza hivyo ulijua kwamba hata mvua isingemzuia.

Jiko sasa lilikuwa halizimwi. Na ile sheria ya nyanya ikavunjika polepole, bila ya mtu kuivunja. Kwanza gunia la maharagwe lilikosa nafasi chini likawekwa kwenye ngazi. Kisha makopo ya unga yakapanda hadi sebuleni. Kisha wanawake wa kuchambua maharagwe wakawa wanakaa juu, kwa kuwa chini kuna moshi. Nyumba nzima ikanuka vitunguu. Majirani wa alasiri walikuja mara moja, mara ya pili wakakaa kwa wasiwasi pembeni mwa magunia, mara ya tatu hawakuja. Nywele zangu zikawa zinasukwa na nyanya, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na njia zake zilikwenda mshazari. Shuleni walinicheka. Sikumwambia mama. Niliona aibu kumletea jambo dogo hivyo mtu aliyekuwa akikimbia.

Ndugu yangu alikuwa ametimiza miaka miwili na kitu. Alilelewa na nyanya tangu alipoamka hadi alipolala, na alipoumia alimkimbilia nyanya. Mama alimwona asubuhi akiwa bado amelala, na alipopanda baada ya kazi mtoto alikuwa amelala tena.

Basi alasiri moja mama alipanda mbiombio kuchukua kopo la chumvi. Tulikuwa sebuleni, mimi, nyanya, na wale wanawake wawili. Mtoto alikuwa mapajani mwa nyanya. Alipomwona mama mlangoni uso wake ukachangamka, akainua mkono wake, akanyoosha vidole viwili kama walivyofanya wanunuzi, na kwa sauti nene ya kuigiza mahamali akaita, "Mama Mahamri! Mawili!"

Wote tukaangua kicheko. Mama naye akacheka. Akamwendea, akamshika shavu, akachukua chumvi yake akatoka. Lakini sikusikia hatua zake zikifika chini. Nikatoka kumtazama. Alikuwa amekaa katikati ya ngazi, karibu na gunia la maharagwe, kopo la chumvi mapajani. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinua viganja vyake vyote viwili usoni, akivinusa, kama mtu anayetafuta harufu fulani asiipate.

"Mama," nikamwita.

"Nenda juu," akasema. "Naja."

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana mama alimkuta nyanya roshanini akatandika mkeka karibu naye. Mimi nilikuwa ndani ya mlango nikijifanya nasoma.

"Waniona miye mama mbaya," mama akasema.

"Nani kasema hivyo?"

"Husemi. Ndiyo mabaya zaidi, kwamba husemi."

Nyanya akaivuta leso yake begani. "Haya, nitasema. Weye wafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Na waliokufukuza wameshakaa zamani, wako barazani wanakunywa kahawa. Miaka miwili sasa hujaomba kitu kwa mtu. Huoni kwamba umefika?"

"Nikiacha tutarudi pale pale."

"Sijakwambia uache. Nani alokwambia uache? Hata miye baba yako alipokufa niliambiwa nikae nilishwe, nikakataa, nikawasha moto." Akaupangusa mkeka kwa kiganja. "Nakwambia uchague saa zako weye mwenyewe. Usipozichagua, yule bwana wa Shimanzi atakuchagulia, naye hamjui mwanao hata kwa jina."

Mama alikaa pale mpaka adhana ya alasiri, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Jumamosi alinishika mkono, akambeba ndugu yangu kiunoni, tukaenda kwa miguu hadi Mbaraki, nyumbani kwa karani. Sikuwa nimewahi kufika. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na nje, chini ya kipande cha bati, mkewe alikuwa akipika. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyefunga kitambaa kichwani kwa fundo la mbele, na watoto wake watatu walikuwa wakicheza pale pale miguuni mwake, mmoja akimchezea kisu cha vitunguu. Akatukaribisha kwa furaha ya mtu asiyepata wageni.

"Karibu, dada. Mume wangu kila siku ni mahamri, mahamri. Mpaka nikataka kumjua huyo mwanamke."

Mama akacheka, akakaa, akaletewa sahani. Ulikuwa ugali wa kweli, umesimama na umelainika pamoja, na maharagwe mazito, na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Mama alipomaliza kula akanawa mikono, akasema bila ya kuzunguka, "Dada, chakula changu cha jioni hakiliki. Nimekuja kukupa kazi hiyo."

Mke wa karani alidhani ni mzaha. "Kunipa vipi? Nikupikie wewe?"

"La. Si unipikie miye. Iwe yako. Asubuhi yangu, jioni yako."

"Lakini wewe ndiye uliyeipata."

"Ndiyo," mama akasema, na nikaona mdomo wake unakazika, kisha ukalegea. "Nami ndiye niliyeshindwa nayo."

Msimamizi hakupenda. Mama na mke wa karani walikwenda pamoja kumwona, mmoja na buibui lake na mmoja na kitambaa chake cha fundo, nami nyuma yao kwa kuwa hakukuwa na shule. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bohari, penseli sikioni. Akawasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi nataka mtu mmoja. Chakula kikichelewa, nimuulize nani?"

"Asubuhi niulize miye," mama akasema. "Jioni muulize huyu."

"Mama, kazi yote au hakuna kazi. Wapo wengi wanaoitaka."

Ninakumbuka kelele za lori lililokuwa likirudi nyuma, na mahamali wanapiga mayowe wakiliongoza. Mama alingoja mpaka kelele zikapungua.

"Basi, bwana, hakuna kazi," akasema. "Kwa heri."

Tukaondoka. Njiani mke wa karani alisema pole mara nyingi mpaka mama akamwomba anyamaze. Asubuhi ya pili tulikaanga mahamri ya karai moja, kama zamani. Wale wanawake wawili wa mtaani walirudi makwao. Makarai mengine mawili yaliegemezwa ukutani, na mama alikuwa akiyapita bila ya kuyatazama. Nyanya alipandisha maji, akaanza kuosha zile ngazi.

Alasiri ile mama alikuwa juu na hakujua la kufanya na mikono yake. Alipanga vikombe akavipangua. Akaniita, akanikalisha sakafuni, akazifumua zile njia za nyanya za mshazari, akaanza upya. Alinipaka mafuta mengi mno, yakanichuruzika shingoni. Ndugu yangu alisimama mbali akitutazama, kidole mdomoni, kama anayechungulia kwa jirani. Siku ya pili alikaa karibu kidogo. Siku ya nne alimletea mama kitana.

Wiki ilikuwa inaisha karani alipokuja, baiskeli yake imejaa vumbi, akicheka tangu mwanzo wa kichochoro. Msimamizi alikuwa amempata mtu mwingine wa kupika, na mtu huyo aliwapa watu wake mkate mkavu na chai ya rangi. Siku ya tatu watu themanini walikaa chini juu ya magunia wakasema hawabebi. "Amesema mje wote wawili," karani akatangaza. "Amesema atamuuliza yeyote mtakayemtaja, almuradi watu wake wapate kula."

Nyanya alisikia akiwa juu. Nilimsikia akisema alhamdulillahi mara tatu.

Mama alipika asubuhi za Shimanzi kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka magoti yalipomkataza. Karai liliinuliwa saa nne, sakafu ikakauka adhuhuri, na gunia halikupanda ngazi tena. Alitusomesha wote wawili. Mke wa karani naye hakubaki na jioni peke yake. Alifungua hoteli, akafungua ya pili, akajenga kwao. Wakati fulani, nikiwa msichana mkubwa, tulipita mimi na mama mbele ya hoteli ile, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, watu wamejaa mpaka nje. Nikamwuliza kama haoni uchungu.

"Siku moja moja naona," akasema. "Nikikwambia sioni nitakuwa mwongo." Tukatembea kidogo. "Lakini yule watoto wake wamekulia jikoni, wala hawakumpotea. Yeye anaweza kuwa nao huku anapika. Miye nikipika sioni mtu. Ndivyo nilivyo. Ilinibidi nijijue."

Mke wa karani alikuja mazikoni kwa mama, mzee tayari, ameshikwa mkono na wajukuu. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakupata kuona mtu akitoa kitu kizuri hivyo akiwa bado anakitaka.

Hao wote wameondoka sasa. Nyanya, mama, karani na mkewe. Majirani wa roshani wamehamia bara na ng'ambo, na alasiri katika kichochoro kile ni sauti za redio na pikipiki. Sijui mtaa wowote siku hizi ambamo wanawake hupanda kwa jirani na kofia ya kudarizi wakakaa mpaka magharibi. Nami mwenyewe nilifunga karakana saa kumi kwa miaka mingi, na kuna miaka sikufunga, na watoto wangu wanajua ni ipi.

Ndugu yangu anaishi mbali. Usiku ule ule wa kutoka Mji wa Kale nilimpigia simu nikamwambia nilipita kwenye nyumba yetu. Akafurahi sana. Akaanza kunieleza anavyoikumbuka: roshani, asumini, mama amekaa mkekani alasiri akimsuka mtu nywele.

"Wajua ninalolikumbuka zaidi?" akaniuliza. "Kwamba mama alikuwa yupo siku zote. Hata siku moja sikumbuki kumtafuta."

Nikafungua kinywa kumwambia habari ya magunia na vile vidole vyake viwili. Kisha nikamwambia ndiyo, alikuwa yupo siku zote.